Mgongo wa Kigae

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa sita, asubuhi, mimi nimekaa kibarazani nashona kiatu cha mtu ambaye mpaka leo hajarudi kukichukua. Mke wangu aliteleza kwenye korido ya hospitali alikokuwa akifanya usafi, akaanguka chali, kisogo kikapiga sakafu. Sakafu yenyewe ilikuwa mpya. Ijumaa iliyotangulia wakubwa walikuja wakakata utepe, wakapiga picha huku wakijitazama miguuni, maana vile vigae vilikuwa vyeupe na vinang'aa kama kioo cha kinyozi. Wenzake walimbeba mpaka chumba cha dharura, kwenye korido ileile. Hakutoka mzima.

Bibi yangu aliposema kigae alimaanisha kipande cha chungu kilichovunjika, cha kuombea kaa la moto kwa jirani. Kilikuwa kitu cha mwenye shida. Siku hizi kigae ni cheo. Mtu akishaweka vigae sebuleni hata salamu yake inabadilika: "Karibu, karibu, viatu hapohapo mlangoni!" Mimi fundi viatu sikulalamika. Vigae vimeniletea wateja, kwa sababu soli iliyotoboka haina pa kujificha ikishavuliwa. Lakini mke wangu vile vya hospitali hakuvipenda tangu mwanzo.

"Baba watoto," aliniambia, "ile sakafu inateleza hata ikiwa kavu. Natembea kama kuku aliyekanyaga mafuta."

Alikwenda kumwambia katibu wa hospitali, yule ambaye wafanya usafi wote wanamwita Mzee wa Utaratibu. Akamjibu, "Mama, malalamiko yana utaratibu wake." Basi. Utaratibu ulikuwa bado unatafutwa alipoanguka.

Siku ya mazishi hospitali ilitoa gari. Wafanya usafi wote wakapewa ruhusa ya kutwa nzima waje kumzika mwenzao. Watu wakasema, unaona, wakubwa nao wana utu. Mimi nilijiuliza kimoyomoyo: tangu lini? Hao walikuwa wakiwakatalia hata ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki. Lakini siku ya msiba mtu hapewi nafasi ya kufikiri. Kila mtu anakushika mkono, anakwambia jikaze.

Mzee wa Utaratibu akasimama kutoa salamu za uongozi. Akamsifu marehemu, mchapakazi, mcheshi, kisha akashusha sauti kama mtu anayetaka kufunika chungu polepole. "Bahati mbaya siku ile alizidisha sabuni. Ni bidii yake tu. Tujifunze kuwa waangalifu."

Mke wangu! Mwanamke aliyekuwa akipima sabuni ya unga kwa kifuniko cha chupa, na akiniona nimemimina kwa mkono ananiuliza kama kiwanda ni cha baba yangu. Nikataka kusimama, shemeji yangu akanivuta shati. Huyu shemeji ndiye mdogo wake marehemu, kitinda mimba wao, na kazi yake ni fundi vigae. Ile korido aliiweka yeye.

"Kaa, shemeji," akaninong'oneza. "Siyo leo."

Kisha Mzee wa Utaratibu akatangaza kwamba uongozi, kwa heshima ya marehemu, utamjengea kaburi la vigae. Mama mkwe akalia kwa shukrani. Kaburi la vigae ni kaburi la mwenye watu, kila anayepita atajua huyu hakutupwa. Mimi nikainama, nikawaza: mtu aliyekuwa akimpa mke wangu dekio moja mpaka linyonyoke kama mkia wa mbuzi mgonjwa, leo anatoa vigae bila kuombwa? Mkono uliozoea kunyang'anya ukianza kutoa, hesabu vidole vyako.

Shemeji akavipachika mwenyewe siku ya Jumapili. Nilimwambia nakuja kukusaidia kuchanganya saruji, akasema pumzika, shemeji, hii ni kazi ya mtu mmoja. Nilipofika jioni alikuwa ameshamaliza na kuondoka, na tangu hapo akaacha kupita kwangu. Mtu aliyekuwa haingii mtaani bila kunigongea na kuuliza kama chai iko! Nikikutana naye anauliza hali ya watoto huku anatazama viatu vyangu. Viatu vyangu havina wasiwasi wowote. Mwenye wasiwasi alikuwa yeye.

Ikaja mvua. Nikaenda kumtazama mama watoto, kama nilivyokuwa nikienda, nifute tope na kumpa habari za nyumbani. Nilipoweka mkono pembeni, miguuni pake, kigae kimoja kikacheza kama jino la mtoto. Nikakigonga kwa kidole, kikalia utupu. Nikasema, huyu bwana, kazi ya dada yake ndiyo ya kulipua namna hii? Nikakiinua ili nikakitie saruji vizuri.

Nikakigeuza.

Mgongoni kilikuwa na saruji ya aina mbili. Juu ilikuwepo ile ya majuzi, nyepesi, yenye mchanga wa pale makaburini. Chini yake ikaonekana nyingine, ya kijivu, ngumu, imeng'ang'ania kama kutu, na alama za patasi mahali ilipochongwa ikagoma kutoka. Ukingo mmoja ulikuwa umemeguka, ukafichwa kwa saruji nyeupe. Mimi si fundi nyumba, lakini najua kiatu kilichokwisha kuvaliwa nikiona soli yake. Kigae hiki kilikuwa kimeshakanyagwa mahali pengine kabla ya kuletwa kwa mke wangu.

Nikakitia ndani ya mfuko wa viatu, nikashika njia mpaka hospitali.

Korido haikuwa ile. Vile vyeupe havikuwepo. Chini kulikuwa na vigae vya rangi ya udongo, vina chengachenga, unakanyaga na mguu unashika. Nikasimama katikati, wagonjwa wananipita, nami nasugua kiatu sakafuni kama mwendawazimu. Rafiki yake marehemu, tunayemwita Mama Pacha, akaniona, akaweka ndoo chini.

"Shemeji, hata sisi tulishangaa," akasema kwa sauti ndogo, huku akiangalia mlango wa ofisi. "Tulipotoka kuzika, kesho yake tukakuta sakafu nyingine. Tukauliza. Tukaambiwa ni matengenezo ya kawaida."

"Siku ya mazishi?"

"Sote tulikuwa makaburini. Nani angeona? Lakini mimi sijasema kitu, umesikia? Nina watoto wawili wa kulisha, na wote wanakula kama wanashindana."

Kumbe lile gari lilikuwa la kutuondoa, siyo la kutupeleka.

Shemeji nilimkuta kwenye nyumba ya mtu, amepiga magoti bafuni, anapiga kigae kwa nyundo ya mpira. Nilikiweka kile kigae cha kaburini mbele yake kimelala kifudifudi. Akakitazama. Nyundo ikasimama hewani.

"Umeking'oa kaburini?"

"Wewe umeking'oa wapi?"

Akakaa chini, akafuta uso kwa mkono wenye saruji, akajipaka zaidi. "Shemeji, walinifuata usiku wa msiba. Wakasema sakafu ibadilishwe haraka, mtu mwingine asije akaanguka. Niliona ni jambo jema. Mimi nilitoka makaburini kabla hamjamaliza kufukia, hukuniona?"

"Sikukuona. Nilikuwa namzika dada yako."

"Vile vyeupe wakasema visitupwe, kila mtu angeviona jalalani na kuanza kuuliza. Wakasema viende kaburini, viwe heshima. Nami nikafikiri..." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Nikafikiri angalau dada apate vigae vizuri. Maisha yake yote alidekia vya wengine."

"Vilivyomuua?"

"Wao wanasema ni sabuni."

"Na wewe unasema nini?"

Akageuza uso, akatazama vigae vilivyobaki. Anategemea kazi zao. Kuna jengo jipya la wazazi linakuja, vyumba tele vya kuwekwa vigae, na ameshaahidiwa. Akaniomba anipachikie vingine kaburini, vipya, vya kwake mwenyewe, mambo yaishe kifamilia. Nikamwambia akigusa kaburi lile tena, udugu wetu utaishia hapohapo. Kama wanataka vile vigae wakavifuate wao, mchana, watu wakiona.

Kesho yake nilikaa kwenye benchi la ofisi mpaka Mzee wa Utaratibu alipochoka kujifanya hayupo. Nikakiweka kigae mezani.

"Hiki nini, mzee wangu?"

"Sakafu yako."

Akatabasamu. "Vigae vinafanana. Huko kiwandani vinatoka kama mapacha."

"Kiwandani havitoki na saruji mgongoni."

Tabasamu likaondoka. "Umekitoa wapi?"

"Ulikokipeleka."

"Umebomoa kaburi la mkeo?" Akapaza sauti, mlango ukiwa wazi, ili watu wa nje wasikie. "Jamani, huyu mzee msiba umemzidi. Mpigieni simu mtu wa kwao aje amchukue."

Na kweli habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama mkwe alikuwa ananingoja mlangoni, mikono kiunoni. "Baba, mwanangu alikukosea nini? Mwache apumzike! Watu wamemsitiri, wewe unamchokonoa kama kuku kwenye jalala."

"Mama, wanasema alijiua kwa uzembe. Wajukuu zako wataambiwa hivyo shuleni."

"Na wakiambiwa baba yao anafukua makaburi?"

Huo ndio ujanja wa wakubwa. Wamelitia kosa lao juu ya kifua cha marehemu, na kila anayetaka kulifunua aonekane mchawi.

Lakini kabla sijatolewa pale ofisini nilimwuliza Mzee wa Utaratibu swali moja, kwa adabu, kofia mkononi. Akamtazama mganga mkuu wa hospitali aliyekuwa amesimama mlangoni. Mganga mkuu akatazama simu yake. Nimemwuliza shemeji, akarudi kwenye saruji yake. Nimemwuliza na mama mkwe, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hajanisema tena habari za kufukua makaburi, ila jibu hajanipa. Sina elimu ya kuandika barua zao zenye utaratibu, kwa hiyo naliuliza hapa kama nilivyoliuliza pale: ikiwa kosa lilikuwa sabuni ya mke wangu, sakafu mliing'oa kwa nini?