Maji ya Wifi

Saa kumi na moja alfajiri nilivua kandambili mlangoni nikanyata kuingia karakana kama mwizi wa kuku, ingawa karakana ni yetu na ufunguo ni wangu. Miezi mitatu nilikuwa naamka hivyo. Macho yanawaka, kiuno kinauma, na nikiulizwa nasema usingizi umekata wenyewe.

Tunachora mashua, mimi na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mashua za mbao, juu ya mbao. Mume wangu anakata plaiwudi na kutengeneza fremu kwenye banda la nyuma. Wifi anapaka bahari, anga na ubavu wa mashua kwa ile rangi nyepesi inayonywewa na mti: anachovya tambara, anafuta kwa kufuata nyuzi za ubao, na nyuzi zenyewe zinageuka mawimbi. Rangi ya akriliki ni yangu. Hiyo hainywewi, inakaa juu; ndiyo inayotoa kamba, misumari, mstari mwekundu wa ubavuni na herufi za jina la mashua. Tumegawana hivyo miaka kumi na miwili, na maji yake sikuwahi kuyagusa.

Mpaka macho yake yalipoanza kumtupa mkono. Bluu na kahawia kwake zikawa mtu na pacha wake. Bahari zikaanza kutoka rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Nilimgusia habari ya daktari mara moja tu.

"Daktari mpeleke mumeo," akanijibu, "anayetia sukari vijiko sita."

Nikaufyata. Maji ndiyo kazi yake, na kazi ndiyo iliyomsimamisha wima tangu afiwe na mumewe. Nikaona heri niwe naamka mapema, niyafunike kwa akriliki ya bluu nyembamba, yeye abaki na heshima yake.

Siku hiyo zilikuwa mbao sita, za ukumbi wanaposubiri wagonjwa kwenye zahanati moja. Msimamizi wake angezifuata saa nne. Maji ya mbao mbili yalikuwa kahawia tupu. Nilifunika ya kwanza, nikafunika ya pili. Rangi ilikuwa imeshakauka, nami naosha brashi, mlango ulipolia.

"Leo ndege wamekuamsha?" Wifi akauliza.

"Joto."

"Joto gani, na umevaa sweta?"

Akapita mezani akipapasa ubao mmoja mmoja kwa kiganja kizima; siku nyingine hugusa pembeni tu, kwenye alama ya dole gumba lake. Alianzia mwisho wa meza, na kwenye ule wa pili niliofunika kiganja kikasimama. Rangi yake huuacha mti ukabaki mti. Unasikia nyuzi chini ya vidole. Yangu ni laini kama ukucha.

"Wifi," alisema polepole, "maji yangu yamevaa koti?"

Nikazidi kuosha brashi.

"Nimekuuliza."

"Yalitoka kahawia, wifi."

"Umefunika mbao ngapi?"

"Hizi mbili."

"Tangu uanze, nasema."

"Kumi na saba."

Akacheka kicheko kikavu, kisicho na mate. "Kumi na saba! Na mimi natembea humu kifua mbele, nabonyeza dole gumba pembeni kama sahihi ya waziri!" Kisha sauti ikashuka. "Ungenitukana, tungegombana yakaisha. Wewe umenihurumia."

"Ningefanyaje? Nikikugusia macho unageuka mbogo."

"Ungesema tena! Mara moja tu umechoka?"

"Nimechoka, ndiyo! Miezi mitatu silali. Nachora kamba moja naona mbili!"

Alichukua msasa akaanza kuukwangua ule ubao wa pili, kwa hasira, kuitoa akriliki yangu. Plaiwudi ina ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Chini yake ni gundi, na gundi hainywi rangi hata uibembeleze.

"Wifi, utafika kwenye gundi."

"Niache."

Akafika. Baka jeupe likatokea katikati ya bahari. Alilijua kwa kidole kabla sijalisema. Akaweka msasa chini, akaketi.

Saa nne msimamizi wa zahanati alikuja na futi kamba shingoni, akahesabu kwa kidole. "Tano? Si tulisema sita?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ubao umepasuka. Wifi akaniwahi.

"Wa sita nimeuharibu mimi. Siku hizi rangi sizioni vizuri."

Hakuwa amewahi kulisema hilo mbele ya mtu. Yule bwana akakohoa, akajifanya kuzikagua zilizobaki. Akasimama mbele ya ile ya kwanza niliyoifunika.

"Hii ndiyo kiboko. Bahari yake imetulia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wifi hakutikisika.

"Maji ya hiyo ni ya huyu," alisema, akinielekezea kidevu. "Hilo dole gumba ni langu, lakini limekaa pasipo pake. Wifi, tia herufi zako hapo."

Nikazitia, ndogo, chini ya alama yake.

"Basi ya sita nayo aichore yeye," msimamizi akasema.

"Ataichora akishalala. Njoo wiki ijayo."

Alipoondoka na mbao zake, Wifi alifuta vumbi la msasa mezani.

"Kesho unipeleke kwa huyo daktari," Wifi akasema. "Asubuhi, kabla sijageuka."

"Asubuhi saa ngapi?"

"Saa ya watu wenye akili zao. Saa tatu."

Nikavuta kigoda nimalizie kuosha brashi. Niliosha moja. Kule bandani mume wangu akaanza kugongomea fremu, na la mwisho nililolisikia ni sauti ya Wifi akifoka dirishani:

"We! Weka nyundo chini, mkeo amelala."