Malkia wa Mchwa Yuko Uzazini

Wiki ya tatu baada ya kujifungua, Dainess alikuwa bado haruhusiwi hata kuosha kikombe. Mama mkwe wake, Mektrida, alishuka kutoka mgombani, kijijini mlimani, hadi mtaa wa Pasua mjini kuja kumlisha, kama desturi ya uzazi inavyotaka, na alimlisha kama anayeshindana na mtu. Asubuhi mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, mchana mtori, jioni mtori wenye mafuta zaidi.

Faraja ya Dainess ilikuwa gemu ya kwenye simu. Mtoto akilala, yeye anashika panga na kumwinda malkia wa mchwa, mama wa majeshi yote, na kila mara anauawa mlangoni.

Siku hiyo Mektrida alichungulia. Malkia alikuwa amelala, tumbo kama gunia, vibarua wakipishana kumtilia chakula mdomoni.

"Huyu kajifungua lini?"

"Anajifungua kila dakika, mama."

"Na wewe unamvamia chumbani na panga? Nani alikulea?"

Dainess akasoma tena maelezo ya gemu: malkia hajatoka chumbani mle kwa miaka elfu moja. Yeye wiki tatu tu, na jana alitamani kumng'ata mtu. Akaweka panga chini, akamsogezea malkia bakuli la uyoga.

Malkia hakupigana. Alilisukuma bakuli kando, akanyoosha mguu kuelekea mlangoni.

"Hataki kula," Mektrida alishangaa.

"Anataka kutoka nje, mama."

Mektrida akatazama bakuli la mtori, akamtazama mkwe wake, kisha akaenda kumtafutia kandambili.