Sahani za Mama Depareye

Neno depareye lililetwa katika kambi yetu ya wafanyakazi na Madame, Mzungu wa fuaye, pale wanawake tulipofundishwa kushona. Mwaka 1950 alikuja kukagua nyumba, akashika sahani mbili kati ya zangu, moja ya maua, nyingine ya bati, akasema, "Depareye." Maana yake, vitu visivyofanana vinavyokaa pamoja. Cherehani, zawadi ya nyumba iliyopangika vizuri kuliko zote, ikaenda mstari mwingine wa nyumba.

Nililia, sifichi. Na majirani wakalipenda neno hilo kupita kiasi. Soksi za jirani yetu Donat, depareye. Baiskeli yenye gurudumu moja jipya, depareye. Hata ndoa yangu, mimi wa Kongolo na Adrien wangu wa Kasai, depareye. Wakaniita Mama Depareye, nikalimeza jina hilo.

Mwaka uliofuata ukaguzi ukarudi. Mstari wetu wa nyumba sita ulikuwa na seti moja tu ya sahani zinazofanana, sita, zenye ukingo wa buluu, mali ya jirani yetu Simone. Basi wenzangu wakapanga: Madame akitoka kwa mlango wa mbele, sahani zitoke kwa mlango wa nyuma, zimtangulie kwa jirani. Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho. Wivine wa nyumba ya tano akanijia jikoni anahema, beseni mikononi.

"Mama Jeannot, kamata, Madame iko nakuya. Ficha zile depareye zako."

Niliitaka cherehani ile kuliko kitu chochote. Lakini hasira ya mwaka mzima ilinipanda.

"Rudisha kwa mwenyewe," nikamwambia. "Mi niko na zangu."

Madame akaingia, uso mwekundu, salamu hakuna. Akaziinua sahani zangu moja moja, akipapasa kingo. Nikaelewa. Sahani moja ya Simone ilikuwa na pengo, na Madame alikuwa amekutana na pengo lile katika nyumba tano.

"Hii iko ya nani?"

"Iko yangu, Madame. Mama Mwaba alinipatia wakati nilizala Jeannot."

"Na hii?"

"Yangu. Adrien aliinunua na mushahara yake ya kwanza."

Aliniuliza kila sahani ni ya nani, nami nikamjibu kila mara. Mwishowe akacheka, akaandika jina langu. Cherehani ikabebwa kupita milango yote ya mstari, nami nyuma yake natembea polepole makusudi.

Jumapili Simone akaja na sahani zake. Alikuwa anazigawa, moja kila nyumba.

"Mama Jeannot, na sisi tunataka kukuwa depareye."

Nikachagua yenye pengo.