Mkasi wa Zamu

Tangu tumkimbie bosi na kufungua chumba chetu wenyewe cha ushonaji, hakuna kitambaa kinachokatwa bila mjadala. Ndiyo sheria yetu: mkasi mkubwa unashikwa kwa zamu, na kabla ya kukata, kila fundi aje mezani, aangalie, aseme yake.

Sheria nzuri, sikatai. Ila inachosha, jamani! Oda ya makoti ya manesi ilipokuja, tulibishania upana wa mfuko hadi chai ikapoa. Mama Lakini, mkongwe wetu, ndiye kinara. Ukimwambia jua limechomoza, atakuuliza nani kathibitisha. Na makoti yanatakiwa Ijumaa. Tukichelewa, hospitali inarudi kwa bosi, na sisi nyuma yake, tumefyata mkia.

Jumatano uvumilivu ukanishinda.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," nikasema. "Mkasi nipeni mimi, mpaka Ijumaa tu."

"Shika, dada," wakasema, tena kwa furaha. Hata Mama Lakini hakubisha. "Haya, mwanangu. Kazi kwako."

Raha iliyoje! Nilikata mchana kutwa bila mtu kunisogelea. Wewe kola, wewe vifungo, nawe pasi hiyo ipate moto. Kazi ikaenda mbio, nikajiuliza siku zote tulikuwa tunapoteza muda kwa nini.

Alhamisi tukaanza kutia mikono. Wa kulia ukaingia. Wa kushoto ukakataa. Nikapekua rundo zima: yote ya kulia. Kitambaa chenyewe kina upande mmoja tu wa nje, nami kwa haraka yangu nilikitandaza chote uso juu, bila kukikunja ili kila mkono wa kulia utoke na wa kushoto wake. Kosa la mwanagenzi, na kitambaa kingine hatuna.

"Hakuna aliyeona?"

Fundi wa pasi akajikuna shingo. "Mimi niliona jana, dada."

"Hata mimi," akasema wa vifungo.

Nikamgeukia Mama Lakini. "Na wewe, mama?"

"Niliona ulipokata wa kwanza."

"Sasa mbona hukusema? Mdomo ulimkopesha nani?"

"Mkasi ulikuwa wako, mwanangu."

Watu hawa hawa walionitoa roho kwa ajili ya mfuko! Nikafungua mdomo niwafokee, na kabla sijatamka neno, wote, hata mama mtu mzima yule, wakainamisha vichwa kama tulivyokuwa tukifanya kwa bosi.