Mifano Kumi na Moja

Sheria ya ofisi ile ya kamusi ilikuwa moja, tena haina huruma: maana moja, mfano mmoja. Ndiyo maana mpiga chapa alipigwa na butwaa alipofungua bahasha ya neno la Kiingereza *excessive* akakuta kadi kumi na moja, zote kwa mwandiko wa Mzee Kadi, mtunga kamusi mwenyewe.

Maana yake ilikuwa imenyooka: -a kupita kiasi. Chini, mzee alieleza matumizi: "Halisifu. Hulitumia anayempimia mwenzake kiasi." Kisha ndiyo ikaja mifano.

*Kuweka viatu vya marehemu chini ya kitanda chako ni kupita kiasi.*

*Shangazi zake walisema machozi ya baba yamepita kiasi.*

*Miezi saba bila kufungua dirisha la chumba cha binti ni kupita kiasi.*

Miezi saba iliyopita, mpiga chapa alikuwa mmoja wa waliomzika huyo binti wa mzee.

"Mzee Kadi, leo umezaa mapacha?" alitania, akajuta kabla neno halijatua.

"Zimezidi?"

"Kumi, baba. Na ukurasa unakwenda mtamboni saa nane."

"Basi chagua wewe."

Akazitandaza mezani. Akiiokoa ya viatu, anaiua ya dirisha.

"Siwezi."

Mzee akazikusanya zote, akavuta kadi tupu, akaandika bila kuketi: *Mvua iliyopita kiasi iliharibu mahindi.*

"Weka hii."

"Hii?" Hasira zilimpanda mpiga chapa. "Hii si angeiandika mtu yeyote! Zile ndizo za kweli!"

"Ndiyo maana hii inafaa. Anayefungua kamusi anatafuta neno, mwanangu. Hakuja matangani."

Akayapiga chapa hayo mahindi, herufi zikimpotea machoni. Mzee alisimama nyuma yake, mkono juu ya mgongo wa kiti, mpaka nukta ya mwisho.

"Linalofuata?"

"*Exchange*. Kubadilishana. Kadi yake haina mfano."

Mzee akamsogezea kadi tupu.

"Huo tunga wewe," alisema. "Mimi ninao mmoja tu: uhai wa baba kwa uhai wa binti. Niliusema wodini kutwa nzima. Haukukubaliwa."