Mkono wa Kocha Pak

"Tumeshinda au hatujashinda?"

"Nakuuliza habari ya mkono, wewe unaniletea..."

"Jibu kwanza! Tumeshinda au..."

"Moja bila! Na golini nilikaa mimi, sikukaa na wewe, Andendekisye! Nakuuliza, kocha tumemwachaje?"

Walikuwa uani mwa gesti moja pale Iringa, katikati ya kamba za nguo, jezi za Loleza Stars ya Mbeya zinawadondoshea maji mabegani. Philbert, kepten na golikipa, hata tope hajanawa. Andendekisye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ufundi, na huo ufundi Mbeya nzima ilijua ni wa namna gani. Ndiye aliyefunga safari mpaka Usangu kwa mganga.

Kocha Pak alitoka Korea mwaka sabini na nne, ameletwa kwa urafiki wa nchi na nchi. Ujanani alikuwa winga wa timu ya jeshi, goti likamharibikia, akageuka kocha. Mbeya walimcheka. Kabla ya kila mechi alisimama ukingoni mwa uwanja, akampa kila mchezaji mkono, mikono yote miwili, huku ameinama kama anaaga wakwe. Walimcheka wiki mbili. Baadaye mchezaji akiukosa ule mkono, hata mpira haumkubali.

Leo ilikuwa mechi yake ya mwisho kabla ya kurudi kwao. Na mganga alikuwa ametoa sharti: tangu asubuhi, mtu asimpe mtu mkono mpaka mvuke Makambako kurudi nyumbani.

Basi wakavalia jezi kwenye lori, maana nani ataingia chumba walichopewa na wenyeji bila kujua wamezika nini humo? Wakashuka. Kocha huyo, ameinama, mikono mbele. Philbert ndiye aliyekuwa wa kwanza. Akaficha mikono nyuma kama mtu aliyedokoa nyama jikoni, akapita. Kumi waliomfuata wakafanya kama yeye. Kocha hakuinuka mpaka wa mwisho alipopita, na jukwaa la Iringa likacheka mpaka likakohoa.

"Si ungemwambia tu?" Philbert alisema.

"Ukiisema dawa, inalala. Subiri tuvuke Makambako, utampa mkono hata mara mia."

"Kesho anapanda basi la Dar! Makambako anapitia wapi, we mwanaume?"

Hilo Andendekisye hakuwa ameliwaza.

Mlango wa chumba ukalia. Kocha Pak akatoka, kandambili miguuni, taulo shingoni. Akawaangalia wote wawili.

"Philbert. Mimi nimekosa nini?"

Heri angetukana. Philbert alihisi masikio yanaungua. Akatazama ndoo, akatazama kamba, akakosa mahali pa kuweka macho.

"Hujakosa, kocha. Sisi ndio..."

"Kepten, nyamaza!"

"Ni dawa, kocha. Mganga wa Usangu alikataza mkono. Tulitaka uondoke na ushindi. Tumekuaibisha mbele za watu. Mimi ndiye niliyeanza."

Akanyoosha mikono yote miwili, akainama mpaka paji likagusa jezi mbichi. Andendekisye akageukia ukuta, asione kitakachompata mtu anayevunja sharti.

Kocha aliipokea ile mikono, akaishika. Hakucheka.

"Nyumbani wananipa timu," kocha alisema taratibu. "Timu ya kiwanda cha saruji. Ya mwisho kabisa. Golikipa anaogopa mpira."

"Pole, kocha."

Kocha akachungulia mlango wa uani, akausukuma ukafungika. Sura yake ilikuwa ileile ya mazoezini, haina mzaha hata kidogo.

"Huyo mganga wa Usangu," alinong'ona. "Naomba mmuulize. Ana pasipoti?"