Nyumba Iliyomkataa Mkwe

Jumatano, tarehe 14 Septemba 1977. Asubuhi hiyo upepo ulitoka upande wa Rukwa, mkavu, umebeba vumbi jeupe lenye ladha ya chumvi, na jua lilikuwa kali kabla watu hawajamaliza uji. Mvua ilikuwa haijaonekana Kamsamba tangu mavuno. Mimi na fundi Bashiri tulishuka kwenye lori la mpunga nyuso zikiwa nyeupe kama za watu waliotoka mashine ya kusaga, tukaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Ezron.

Hiyo ilikuwa nyumba pekee ya saruji kijijini. Aliijenga mzungu mmoja mnunuzi wa ngozi za mamba, zamani kabla ya Uhuru, akaweka jenereta katika kibanda cha nyuma na nyaya ndani ya mabomba ya chuma yaliyopita ukutani. Alipoondoka, nyumba ilibaki na popo miaka mingi, mpaka alipohamia Mzee Ezron, mwenyekiti wa kijiji na mzee wa kanisa letu. Jenereta ilifufuliwa kwa ajili ya kisomo cha watu wazima. Jioni tuliketi barazani chini ya taa tukiunganisha silabi. Nilikuwa na mvi tayari, na nilimshukuru Mungu kwa kila neno nililoweza kulisoma peke yangu.

Shida ilikuwa mlango. Kati ya jiko na sebule palikuwa na mlango wa chuma, na kila taa zilipowaka, mlango huo ulimuuma Tupokigwe. Huyu alikuwa mke wa Yonasi, mtoto wa pekee wa Mzee Ezron. Alitoka Ikinga, kwenye milima ya Ileje, na kwao walikuwa watu wa sala. Akija na beseni na jagi la maji ya kumnawisha baba mkwe, akiusukuma mlango, alirushwa nyuma na beseni likaanguka kwa kishindo. Wengine wote waliupita mlango huo bila shida.

Sisi wazee wa kanisa tulikwenda kuomba. Tuliomba mchana, jenereta ikiwa imezimwa, tukapaka fremu mafuta, na mlango ulikuwa kimya. Tukasema amina. Tupokigwe alifunga bila kula mpaka midomo ikampasuka. Taa zilipowashwa tena, alitupwa chini mbele ya wageni.

Basi Jenista, mke wa Mzee Ezron, akalitoa neno lake waziwazi. "Nyumba inamkataa. Kuna jambo amelificha huko alikotoka. Mvua ya kwanza ikinyesha atarudi kwao. Fides atabaki, ni mtoto wetu."

Fides alikuwa binti wa Tupokigwe, ndiyo kwanza ameanza kutembea.

Tupokigwe alinikuta kisimani. Hakulia. "Baba Enoka, uniombee," alisema. "Nimejichunguza usiku kucha, sioni nilichoficha. Wakinirudisha Ikinga na jina hili, nani atakaa karibu na mimi? Na mtoto wangu atakua akiambiwa mama yake alikuwa mtu wa namna gani?"

Niliomba. Na nilipokwenda Tunduma kuuza mpunga, niliisimulia habari hiyo mgahawani, na mtu wa meza ya pili akacheka mpaka chai ikamwingia puani. Ndiye Bashiri, mtu wa Tabora aliyetengeneza redio na taa za malori pale mpakani. Alipenda kujisifu, tena alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

Mzee Ezron alikubali aje, lakini si kwa ajili ya mkwe. Taa zilikuwa zinafifia, na mgeni kutoka wilayani alikuwa anatarajiwa kukagua kisomo chetu.

Jenista alitupokea uani, mikono kiunoni. "Huyu ndiye fundi? Pepo waliowashinda wazee wa kanisa, wewe Mwislamu utawaweza?"

"Mama, pepo mimi siwajui," Bashiri alisema, akitua kisanduku chake. "Labda wawe na waya."

Hata Mzee Ezron alitabasamu.

Bashiri aliwasha jenereta, akazunguka na testa yake ya kupimia umeme akiimba puani. Alifungua kiboksi kimoja ukutani, akavuta waya, na mpira wake ukamwagika sakafuni kama majivu. Miaka yote ya joto la Kamsamba ilikuwa imeukausha. Kisha akatoka nje, akapiga magoti nyuma ya nyumba na kufukua chini ya ukuta kwa bisibisi.

"Waya wa kwenda ardhini umekatwa," alisema. "Nani ameuchukua?"

Watu wakatazamana. "Kuna waya mzuri tulifungia nira ya ng'ombe," Yonasi alisema taratibu. "Mwaka juzi."

"Basi ng'ombe wenu wako salama kuliko nyinyi." Aliingia ndani, akasimama mbele ya ule mlango. "Anayeumwa ni nani?"

"Mkwe."

"Peke yake?"

"Peke yake," alisema Jenista. "Ndilo tunalokuambia."

Bashiri alimtazama Tupokigwe aliyekuwa amesimama jikoni, macho chini. Akatazama miguu yake. Kisha akatazama miguu ya Jenista iliyokuwa ndani ya kandambili, ya Yonasi iliyokuwa ndani ya makatambuga ya matairi, na viatu vya ngozi vya Mzee Ezron.

"Huyu mbona yuko pekupeku?"

Tulimshangaa. Kwetu mkwe mwanamke haingii na viatu alipo baba mkwe. Anaviacha nje, anaingia pekupeku, anapiga magoti. Mtoto mdogo anajua.

"Umeme umevuja kutoka kwenye nyaya mpaka kwenye mlango huu, na unapita kwa mtu aliyegusa ardhi," Bashiri alisema. "Nyinyi mmevaa mpira na ngozi, yeye anakanyaga saruji yenye maji, na mikono imelowa. Mzee, vua viatu, lowesha mkono, ushike mlango huu. Uone kama nyumba itakukubali."

Hapo alikosea. Maneno hayo si ya kumwambia mzee mbele ya mkwe wake. Uso wa Mzee Ezron ulibadilika.

"Nivue viatu mbele ya mkwe? Fundi, nimekuita utengeneze taa. Mambo ya heshima ya nyumba yangu niachie."

"Basi mwacheni yeye avae."

"Haitakuwa."

Bashiri akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kuwa anayo. "Sawa. Lakini nyaya zote hizi zimekufa, na hapa sina nyingine. Nitavuka mpaka niende Nakonde nikazitafute. Mpaka nirudi, taa zisiwashwe. Siku moja umeme hautamrusha, utamshika." Akachomoa fyuzi, akaiweka mkononi mwa Mzee Ezron mbele yetu sote. "Umesikia, Mzee?"

"Nimesikia."

Siku zilizofuata Tupokigwe alitembea kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nilimsikia akiimba pambio akitwanga. Jenista hakuomba radhi, ila aliacha kuitaja Ikinga. Mimi nilimshukuru Mungu mapema, nikidhani jambo limekwisha.

Mgeni wa wilayani alifika kabla ya fundi. Alifika alasiri, amechoka na vumbi, akasema angependa kuona darasa la jioni, kwa kuwa sifa za taa zetu zilikuwa zimefika mbali. Nilimwona Mzee Ezron akisita. Alimtazama mgeni, akatutazama sisi wanafunzi wake wenye mvi, kila mmoja na kitabu chake. Kisha akaingia ndani na fyuzi.

Hakuwa mtu katili. Aliuegemeza ule mlango wazi kwa jiwe, akamwambia Yonasi, "Usifungwe leo." Lakini wanawake walikuwa uani, nje ya jiko, wakichinja kuku, na hakuna aliyewapelekea neno hilo. Jikoni hapakuwa na taa, za barazani hazikuonekana kutoka huko, na upepo ulikuwa ukiupeleka mlio wa jenereta upande mwingine.

Tulisoma vizuri. Mgeni alifurahi, akatupigia makofi. Upepo wa Rukwa uliingia dirishani, tukasikia jiwe likiburuzika na mlango kujibamiza. Hakuna aliyegeuka. Chakula kikaagizwa. Tupokigwe aliacha kandambili zake kwenye kizingiti cha jiko, akachukua beseni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine, wenye maji, akaushika mlango ili aje kumnawisha mgeni wa serikali.

Safari hii hatukusikia beseni likianguka mara moja. Tulisikia sauti kama ya mtu anayejaribu kusema jina. Yonasi alikimbia akamvuta, naye akatupwa ukutani. Mzee Ezron akapiga kelele kwamba jenereta izimwe, na kufika kibandani gizani, kuipapasa ile mashine mpaka ikanyamaza, kulichukua muda ambao Tupokigwe hakuwa nao. Tulipowasha kandili, vidole vyake vilikuwa bado vimekunjwa kwenye komeo. Niliomba hapo hapo sakafuni, magoti yangu ndani ya maji, mpaka nikaishiwa maneno.

Joto la kwetu halingoji ndugu wa mbali. Tulimzika kesho yake. Na kabla udongo haujakauka, lile neno likarudi kisimani na kwenye mashamba ya mpunga, kwamba hatimaye nyumba imemkataa kabisa. Jenista hakulianzisha upya. Lakini waliomuuliza, aliwajibu, "Mungu ndiye anayejua alichokiona ndani yake." Mzee Ezron alilisikia na kunyamaza. Kunyamaza kwa mwenyekiti kulichukuliwa kuwa ndiyo.

Bashiri alifika na bunda la waya begani, akakuta turubai la msiba uani. Alikaa juu ya bunda lile, hakuimba. "Ningeondoka na fyuzi yenyewe," aliniambia. "Nilitaka kuonyesha kwamba namwamini mzee wa watu."

Kisha wakaja watu wa Ikinga. Walitembea, wakapanda lori, wakatembea tena. Mbele alikuwa Ikupa, mama yake Tupokigwe, mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa kiunoni. Waliletewa mikeka, hawakukaa. Waliletewa maji, hawakunywa. Ndivyo ilivyo watu wakija kuuliza kifo cha mtoto wao. Mpaka wajibiwe mbele ya wote, hawawezi kuketi kwenye uwanja uliomuua.

"Tumekuja kuuliza," Ikupa alisema.

Mzee Ezron alisimama. "Mama, Mungu alitoa, na Mungu—"

"Mungu tunamjua. Tunasali pia kwetu. Tunawauliza nyinyi."

"Ilikuwa ajali."

"Njiani tumeambiwa na watoto wa kuchunga kwamba nyumba yako ilimkataa kwa jambo alilolificha." Sauti yake haikupanda. "Kama ni kweli, nitajie jambo lenyewe. Nimemzaa mimi. Nitajie, nilibebe nirudi nalo. Sitaki kuondoka na neno lisilo na kichwa wala miguu, na mjukuu wangu abaki hapa akilishwa neno hilo kila siku."

Jenista alijivutia kanga usoni. Bashiri alinyanyuka juu ya bunda lake kama mtu anayetaka kusema, nikamshika mkono. Nilimwomba Mungu kimya kimya, si kwa maneno mazuri. Nilisema tu, Bwana, mfungue mdomo.

Mzee Ezron alimtazama Fides aliyekuwa amepakatwa na baba yake. Alipoinua uso, alikuwa amezeeka.

"Hakuna jambo," alisema. "Sikilizeni wote, na wewe, Mama Yonasi, toa kanga usoni usikilize. Binti huyu hakuwa na kosa. Nyumba ilikuwa mbovu, na fundi yule pale aliniambia. Aliniambia nisiwashe, na nikamjibu kwamba nimesikia. Aliniambia avae viatu, nikakataa. Nikawasha kwa sababu nilitaka mgeni aone taa. Baada ya hapo nikanyamaza, mkasema mliyosema, nami nikawaacha mseme, kwa kuwa yalinifaa."

Akamchukua Fides kutoka mapajani mwa Yonasi, akatembea naye mpaka alipo Ikupa, akamweka mikononi mwake.

"Mchukue. Utatuletea ukitaka, tutakuja kumwona ukituruhusu. Na ninaahidi mbele ya Mungu, mbele yako, mbele ya wazee wa kanisa na ya watu wote wa Kamsamba waliopo hapa: mtoto huyu akifikia umri wa kuuliza, nitakuja Ikinga mwenyewe, kwa miguu kama hapana budi, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba mama yake hakukataliwa na mtu wala nyumba, na kwamba mkono uliorudisha fyuzi ni huu."